Kanda ya Dakika Tisini

Hakuna mwanamke anayejipaka wanja kwenda kurekodi kanda. Ummu alijipaka. Akajifukiza na udi, kidogo tu, kiasi cha mtu kuweza kusema ni mabaki ya Ijumaa, akajitanda mtandio wa zambarau uliokuwa kabatini ukisubiri harusi ya mtu, kisha akapita sebuleni mbiombio na sidii mbili mkononi, uso mkavu kama karani wa posta.

"Simama hapo hapo."

Shangazi yake, Bimkubwa, alikuwa ameketi kwenye zulia akichambua mchele. Mchele wa madukani Adelphi hauna jiwe hata moja, lakini mwanamke wa Unguja aliyechambua mchele miaka arobaini haachi kwa sababu tu amehamia Marekani.

"Abee, shangazi."

"Unakwenda wapi na harufu hiyo?"

"Silver Spring, kwa fundi. Sidii zako hizi."

"Fundi ndiye wa kufukiziwa udi?"

Ummu akaangalia viatu vyake. Viatu navyo vilikuwa vipya.

Tuseme haki: Bimkubwa ndiye aliyeyaanza. Gari lake, Toyota ya mwaka tisini na mbili, lilikuwa na tundu la kanda tu, na yeye kila asubuhi huikata barabara kuu ya Beltway kwenda kulea watoto wa watu huko Virginia. Bila taarabu, alisema, yale malori yangemtoa roho. Lakini taarabu siku hizi zinakuja kwa sidii. Ndipo aliposikia kwamba nyuma ya duka la Mkenya mmoja kuna kijana anayezihamisha nyimbo kutoka kwenye sidii na kuzitia kwenye kanda, akampa Ummu sidii na kumwambia, "Mpelekee, umsubiri, urudi nayo." Umsubiri. Neno lake mwenyewe hilo. Sasa ilikuwa Jumapili ya tano ya kusubiri.

"Kanda moja, Ummu," alisema, akiupeta mchele. "Wiki iliyopita umetoka saa saba, umerudi saa kumi na mbili. Huyo anairekodi hiyo taarabu au anaitunga?"

"Ile mashine haikimbizwi, shangazi. Wimbo ukiwa wa dakika kumi na tano, nayo inakaa dakika kumi na tano. Lazima mtu asubiri."

"Ndivyo alivyokwambia?"

"Ndivyo ilivyo. Wallahi."

Bimkubwa akauweka ungo chini. "Umeapa."

"Nimeapa."

"Basi nenda. Lakini dada yake Ghalib atapiga simu leo baada ya magharibi, anataka jibu la posa. Hii mara ya tatu, mwanangu. Watu wazima hawazungushwi. N'mjibu nini?"

Ghalib alikuwa mtu wa kompyuta, ana nyumba yake huko Falls Church, anaswali, hapigi kelele, anampigia mama yake simu kila siku. Ummu alimtafutia kasoro mwezi mzima, kwa bidii ya mtu anayetafuta funguo kiza kimeingia, na hakuipata. Ukimtazama Ghalib unaona kila kitu kiko mahali pake. Tatizo ni kwamba ukimaliza kumtazama huna haja ya kumtazama tena.

"Nitakwambia nikirudi."

"Urudi na jibu," Bimkubwa alisema. "Kanda hata ukiisahau."

*

Duka lilikuwa mwendo mfupi kutoka stesheni ya Metro. Mbele kulikuwa na unga wa ugali, kadi za simu, mafuta ya nywele na Waringa mwenyewe, mama wa Nyeri mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Nyuma, baada ya magunia, kulikuwa na meza ya Khalfan. Siku za kazi Khalfan aliegesha magari ya wakubwa katika gereji moja mjini Washington. Jumamosi na Jumapili alifungua redio za watu na kuzifunga tena, ufundi aliotoka nao Tabora.

"Umechelewa dakika nane," alisema bila kugeuka.

"Basi lilichelewa."

"Mimi nikadhani hamu ndiyo iliyochelewa."

"Hamu ya nini? Mimi nimetumwa."

Khalfan akageuka. Alikuwa na mwanya katika meno ya mbele, na alipotabasamu ulionekana kama mlango ulioachwa wazi makusudi. "Aliyetumwa leo ananukia," alisema.

Ummu akamkabidhi sidii ili mikono yake ipate kazi nyingine.

Utaratibu ulikuwa ule ule. Khalfan alisoma urefu wa kila wimbo, akaziandika dakika kwenye daftari, akajumlisha, akafuta, akajumlisha tena. Kanda ya dakika tisini ina pande mbili, arobaini na tano kila upande, na nyimbo za taarabu hazina haraka na mtu. Ukizipanga ovyo upande unakwisha mwimbaji akiwa katikati ya kauli.

"Hii ya kumi na saba, na hii ya kumi na nne, na hii ya kumi na mbili," alisema. "Arobaini na tatu. Hapo shangazi yako anafika Virginia akijua yule mwanamke wa kwenye wimbo alimjibu nini mumewe."

"Alimjibu nini?"

"Subiri tusikilize."

Akaingiza penseli kwenye jicho la kanda, akazungusha mpaka ule utepe mweupe wa mwanzo ukapita, maana ule haushiki sauti na humeza neno la kwanza. Akaitia kanda, akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka. Fidla zikaanza.

Baada ya hapo hakuna kazi. Ndiyo siri ya kazi hii. Fundi amekaa kwenye ndoo ya mafuta iliyogeuzwa, mteja kwenye kiti cha plastiki, katikati yao mashine inazunguka, na dakika arobaini na tatu lazima zipite kwa njia moja au nyingine. Jumapili ya kwanza walizipitisha wakitazama mashine. Ya pili walitazama mashine na kutazamana, kwa zamu. Ya tatu Khalfan alimsimulia jinsi marehemu mama yake alivyokuwa akiufunga mlango wa kabati la redio kwa kanga ili watoto wasiiguse. Ya nne Ummu alimsimulia kuhusu wazee anaowahudumia kwenye nyumba ya wazee, na yule bibi wa Kizungu anayemwita kwa jina la binti yake aliyekufa, naye huitika. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba huitika.

Leo Ummu alingoja mpaka wimbo wa kwanza ukakaribia kwisha.

"Leo wanapiga simu," alisema.

"Nani?"

"Watu wa Falls Church. Wanataka jibu. Leo hii, baada ya magharibi."

Penseli ya Khalfan ilisimama juu ya daftari. "Na jibu ni lipi?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nimuulize nani mwingine, Ummu?"

Wakatazamana, na safari hii hakuna aliyekumbuka zamu. Khalfan akalaza penseli. "Mimi naegesha magari ya watu," alianza polepole. "Sina nyumba, sina hata..."

"Sikukuuliza unaegesha nini."

"Basi nisikilize. Nina neno nimekaa nalo..."

"Khalfan!" Sauti ya Waringa ilipenya magunia. "Unga imefika! Kuja unisaidie kushukisha, huyu dereva ameparki vibaya!"

Khalfan akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa. "Usiondoke," alimwambia Ummu. "Tafadhali. Dakika kumi tu." Akatoka.

Ummu alibaki na fidla, na wimbo wa pili uliokuwa ukimlalamikia mtu asiyesikia. Waringa akaingia na kikombe cha chai.

"Shika, mrembo. Ngai, kwani bado mnarekodi?"

"Ndiyo upande wa kwanza, mama. Unajua mashine yenyewe haikimbizwi."

"Haikimbizwi na nani?" Waringa alicheka. "Juzi si alinirekodia kwaya yetu ya kanisa? Sidii mzima! Nilikuwa nimejimiminia chai, na kabla ipoe vizuri ananiambia mama, upande mmoja tayari. Si kuna hiki kitufe hapa cha haraka." Akakionyesha kwa kucha, kitufe kidogo chini ya taa nyekundu. Kisha akauona uso wa Ummu, na kicheko kikamfia. "Ama... pengine ya taarabu ni tofauti," alisema, akiondoka kinyumenyume. "Mimi hata sijui mambo ya mashine."

*

Khalfan alirudi akipangusa unga mabegani. Lile neno alikuwa nalo mdomoni tayari, lilionekana. Akamkuta Ummu amesimama, kidole juu ya kitufe.

"Hiki ni cha nini?"

Khalfan akamtazama Waringa, aliyekuwa akijifanya kuhesabu vitunguu mlangoni.

"Cha haraka," alisema.

"Haraka kiasi gani?"

"Mara mbili. Dakika tisini zinakuwa arobaini na tano."

"Kwa hiyo Jumapili zote hizi..."

"Ukirekodi haraka sauti inaharibika, Ummu. Fidla inalia kama mbu. Kaisikilize ile ya mama Waringa, kwaya nzima ina mafua."

"Wee!" Waringa alisahau vitunguu. "Si uliniambia ni kanisa yetu iko na mwangwi?"

"Na hiyo ndiyo sababu?" Ummu alimuuliza Khalfan.

Hapo Khalfan angeweza kusema ndiyo. Ilikuwa sababu nzuri, ya kifundi, na ya kweli. Mwanamume mwenye akili timamu angejificha ndani yake mpaka mvua ipite.

"Hiyo ni sababu ya Jumapili ya kwanza," alisema.

"Na hizi nyingine?"

"Nyingine ni wewe."

Najua kuna wasichana ambao wangeyeyuka hapo hapo juu ya gunia la unga. Ummu hakuyeyuka, akawaka.

"Nimeapa, Khalfan! Leo hii nimesimama mbele ya shangazi yangu nikamwambia wallahi mashine haikimbizwi. Mwanamke aliyenilea tangu nina miaka sita! Umenifanya mwongo na kiapo changu, kwa ajili ya nini? Kama ulitaka niketi, si ungesema keti?"

"Ungeketi?"

"Hukuniuliza. Sasa hutajua."

"Nimekosa," Khalfan alisema. Hakutabasamu, na uso wake bila ule mwanya ulikuwa uso wa mtu mwingine, mtu mpweke sana. "Sina utetezi. Nilikuwa naogopa kwamba kanda ikiisha mapema nawe utaisha mapema. Lakini na mimi nikuulize moja. Kitufe hicho kina maandishi mekundu, ya Kiingereza, makubwa kuliko jina la mashine yenyewe. Wewe unawasomea wazee chupa za dawa kutwa nzima. Umekaa shubiri moja kutoka hapo wiki tano. Hukuyasoma?"

Ummu akazivuta sidii zake, moja akaichomoa ndani ya mashine inazunguka, wimbo ukakatika pale pale ambapo yule mwanamke alikuwa anataka kumjibu mumewe. Akapita katikati ya magunia na vitunguu na Waringa, na mlango wa duka ukajifunga nyuma yake.

Kwenye basi, barabara ya University Boulevard ilipita dirishani na hakuiona. Alikuwa akitafuta hasira yake. Alitoka nayo dukani, nzito, ya kumfikisha nyumbani. Lakini kila alipoishika, swali la Khalfan lilikuwa limekaa juu yake.

Hukuyasoma?

Aliyasoma. Jumapili ya pili, wakati Khalfan amekwenda kuchukua chai. Aliinama, akasoma, akaelewa, akakaa vizuri kwenye kiti chake cha plastiki, na fundi aliporudi akamuuliza, kwa sauti nyororo kabisa, "Bado sana?"

*

Bimkubwa alikuwa ameshaswali magharibi. Simu ilikuwa mbele yake juu ya kimeza, imenyooshwa vizuri kama mgonjwa anayesubiriwa kuzinduka.

"Kanda iko wapi?"

"Sikuja nayo. Shangazi, mashine ile inakimbizwa."

Akamweleza. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye kitufe alimtazama shangazi yake usoni. "Alinificha, na mimi nilijua ananificha, nikamwacha. Leo nikakuapia. Uongo wa kiapo ni wangu mimi, si wake."

"Kafara yake unaijua," Bimkubwa alisema. "Masikini kumi. Na wali utaupika mwenyewe, si wa kununua."

"Ndiyo, shangazi."

"Sasa keti nikwambie kitu ambacho sijakwambia. Mimi niliolewa na mtu aliyekuwa na sababu nzuri kwa kila uongo. Akichelewa kurudi, ana sababu. Asiporudi mpaka kesho yake, ana sababu, tena mpaka unamwonea huruma. Siku aliyoondoka moja kwa moja ndiyo pekee aliyosahau kuniachia sababu." Akazinyoosha pindo za kanga yake. "Aliyekuficha saa moja ya Jumapili, kesho atakuficha nini?"

Swali hilo ndilo Ummu aliloliogopa tangu kwenye basi. Akalijibu polepole.

"Huyu naye alikuwa nayo, shangazi. Sababu nzuri. Ukirekodi haraka sauti inaharibika, na ni kweli inaharibika. Nilikuwa tayari kuikubali. Nilimpa nafasi aishike, nikamuuliza, ndiyo sababu hiyo?"

"Akasemaje?"

"Akaiacha. Akasema ni ya Jumapili ya kwanza tu. Nyingine ni mimi."

"Alikuwa na sababu mkononi, ya kweli, na hakuitumia?"

"Hakuitumia."

Bimkubwa akamtazama mpwa wake. Akautazama wanja uliochuruzika mpaka mashavuni, na ule mtandio wa zambarau, na viatu vipya. Simu ikalia.

Ililia mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu, Bimkubwa akainua.

"Waalaikumu salaam, mwanangu. Salama, alhamdulillah... Ndiyo, nimemuuliza." Akasikiliza. "Ghalib ni kijana wa watu, na heri itakayempata nitaifurahia kama mama yake. Lakini kwetu haikuwa riziki. Mtuwie radhi kwa kuwazungusha... La, la, hakuna ubaya. Msalimu mama sana."

Akaweka simu. Ummu alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.

"Usinililie hapa," Bimkubwa alisema. "Sikusema ndiyo kwa mtu, nimesema hapana kwa mtu. Huyo wa Tabora simjui, sijui ukoo wake, na ameshanitilia dosari kabla sijamwona. Anakutaka?"

"Alikuwa na neno. Nilitoka kabla hajalisema."

"Basi akalisemee hapa. Na haji peke yake kama anakuja kusoma mita. Kwetu mtu hajisemei mwenyewe. Ana mtu mzima wa kumtanguliza?"

Furaha ya Ummu ikasita njiani. "Hana mtu, shangazi. Hapa Marekani hana hata binamu."

"Basi muulize. Simu hiyo hapo."

Namba ya duka Ummu aliijua kwa moyo. Aliyepokea alikuwa Waringa.

"Ni wewe, mrembo? Wacha nikuombe msamaha, mdomo yangu haina breki. Huyu hapa ameketi tu tangu uende. Hata hafungi redio ya mtu, anaiangalia."

"Mama Waringa, shangazi anauliza kama Khalfan ana mtu mzima wa kuja naye kwetu. Wa kumsemea."

Upande wa pili kukawa kimya, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika duka lile.

"Sasa mimi ni nini?" Waringa alisema. "Si nimeishi na yeye hapa nyuma miaka tatu? Najua anakula nini, najua anaomba saa ngapi, najua hata akidanganya hiyo uso yake inakaa aje. Nitakuja mimi. Nikuje na mbuzi, ama hiyo ni ya kwetu?"

Bimkubwa alikuwa amesogea mpaka sikio lake likagusa mkono wa simu. "Mwambie mbuzi amwache," alinong'ona. "Na mwambie nimemkubali huyo mama."

"Mbuzi umwache, mama," Ummu alisema, akicheka na kulia pamoja. "Wewe umekubaliwa."

Kukasikika vurugu, kitu kikianguka, pengine ndoo, kisha pumzi za mtu aliyekuja mbio umbali wa hatua tatu.

"Ummu."

"Naam."

"Nije lini?"

"Jumapili. Saa nane."

"Na nikae mpaka saa ngapi?"

Ummu akamtazama shangazi yake. Bimkubwa akamnyang'anya simu, akaiweka sikioni, akakohoa kikohozi cha utu uzima.

"Mpaka nimalize kukuuliza, baba," alisema. "Na siku hiyo uje umekula, maana maswali yangu mimi hayakimbizwi."